Silabi Kumi na Mbili

Studio yetu ni chumba cha nyuma cha duka la magodoro,
Katuba, Lubumbashi.
Magodoro yameegemezwa ukutani ili mwangwi ufe.
Mimi nasimama katikati, miguu peku,
maana ndara zangu hulia
na Violanta havai ndara.

Violanta ana miaka ishirini na mitatu na farasi watano.
Hajawahi kuchuja chai yake mwenyewe.
Alimzaba yaya kofi kwa sababu maziwa yalikuwa na utando.
Amemfungia dada wa kambo ghalani,
amechoma wosia,
amembusu mume wa mtu mbele ya picha ya Bikira,
akacheka.

Kicheko ndicho kilichonipa kazi.
Walijaribu wasichana tisa;
wote walicheka kama watu wanaoogopa kumwamsha jirani.
Papa Kabwita wa mitambo akanigeukia,
mimi niliyekuja kuwauzia bukari na sombe,
akasema: Mama Ngoie, hebu wewe.
Nikamkumbuka shemeji yangu akibeba friji
siku tuliyoondoa matanga ya mume wangu,
nyama ya wageni ingali ndani.
Nikacheka.
Papa Kabwita akasahau kubonyeza kitufe.
Ikabidi nicheke tena.

Sasa mji unanijua kwa koo langu.
Bombani, nikisema tu "samahani, nilitangulia mimi,"
watoto wanatupa madumu: Ndiye! Ndiye yule!
Mama Musau wa nyanya amekataa pesa yangu.
Mtoe kwanza yatima wa watu ghalani, anasema.
Mchungaji amehubiri juu ya mabinti waliodekezwa
macho yake yakiwa kwangu,
mimi niliyedekezwa mara moja tu maishani,
nilipougua surua:
yai zima, peke yangu.

Solange, anayemsemea yule dada wa ghalani,
analia vipindi mia na arobaini kwa mshahara uleule.
Yeye sokoni hupewa karanga za bure.
Haombi kitu, yule dada. Hajui kuomba.
Mwishoni wanampa nyumba, mume, farasi wote watano.

Mtoto umleavyo, tunaambiwa.
Na Violanta alilelewa na nani? Na mtu mwenye kalamu,
aliyehitaji mwanamke mmoja wa kutaka vitu kwa sauti
ili tujue nani wa kuchukia.
Lakini kinywani mwangu kulikuwa na maneno
ambayo hayajawahi kupita hapo:
Lete. Ondoka. Ni changu.
"Sitaki" niliirudia mara saba siku ya kwanza.
Papa Kabwita alidhani nakosea.
Nilikuwa naonja.

Kipindi cha mwisho kilitukuta Jumanne, umeme wa kuvizia,
upepo ukileta vumbi la ule mlima mweusi wa masalia ya shaba
hadi kwenye chai.
Violanta anaanguka ngazini.
Wanaangukaga ngazini wote, hawa;
nadhani nyumba za matajiri hujengewa ngazi kwa kazi hiyo.
Yuko sakafuni, lulu zimetawanyika,
midomo inacheza mara ya mwisho: silabi kumi na mbili.
Karatasi yangu imeandikwa
Nisamehe, dada yangu, nilikosa.
Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.
Taa nyekundu ikawaka.

Leteni friji yangu. Sijamaliza.

Ikaingia sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.
Papa Kabwita akavua visikizio, akavikunja waya taratibu.
Hakusema rudia.
Solange alikuwa bado analia, kwa mazoea.

Wiki mbili baadaye kikarushwa.
Kesho yake nikapita sokoni, nimejiandaa kufukuzwa.
Mama Musau akapanga nyanya fungu moja,
akaongeza mbili juu,
akapokea pesa yangu,
akauliza bila kuinua macho:
Hiyo friji.
Ilikuwa ya milango mingapi?